Namba ya Mwalimu

Wapendwa, leo naomba twende wote maabara. Msiogope, hakuna chura atakayepasuliwa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kemia katika shule ya sekondari ya kutwa. Mwalimu hodari, tena mkali, na alikuwa na neno moja ambalo wanafunzi walilisikia mpaka wakalichoka: "Pigeni magoti!" Hakuwa akiwaadhibu. Alikuwa akiwafundisha kupima. Waliosoma sayansi wanaijua bureti, lile bomba refu jembamba la kioo lenye mistari, na chini lina koki ya kudondoshea dawa. Sasa maji ndani ya kioo chembamba hayatulii bapa. Pembeni yanapanda kidogo, katikati yanabonyea. Unasoma pale chini ya mbonyeo, na jicho lako liwe sawasawa nao. Ukitazama kutoka juu, utasoma mstari ambapo maji hayapo. Ndiyo maana kila maji yaliposhuka, mwalimu aliwashusha wanafunzi wake sakafuni.

Ikafika siku ya mtihani wa mwisho. Dawa zilichanganywa palepale shuleni, na msahihishaji aliye mbali hawezi kujua zimekolea kiasi gani. Kwa hiyo utaratibu wa mtihani ule ulikuwa hivi: mwalimu anapima kwanza, anaandika namba yake, namba inafungwa kwenye bahasha. Wanafunzi watasahihishwa kwa namba hiyo. Aliyeikaribia amepata, aliye mbali nayo amekosa.

Mwalimu akasimama mbele ya darasa zima. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa, imenyooshwa pasi ikanyooka. Kando yake alikuwepo msimamizi wa mtihani, mama mmoja mtanashati kutoka mjini. Mwalimu akadondosha dawa taratibu kwenye chupa ya dawa nyingine iliyokuwa chini ya bureti, mpaka rangi ikabadilika. Maji yalikuwa yameshuka chini kabisa ya bureti. Akamtupia jicho yule mgeni, akaona haya. Mtu mzima na kazi yake, apige magoti kwenye simenti kama anayeanza leo? Akainamisha kichwa kidogo tu, akasoma akiwa amesimama, akaandika. Bahasha ikafungwa.

Wanafunzi hawakuiona namba. Lakini yeye walimwona, sivyo?

Zamu yao ilipofika, mmoja baada ya mwingine wakasoma wamesimama. Aliyepiga magoti alikuwa binti mmoja tu, wa meza ya nyuma, aliyekuwa akiomba kwa Mungu apate nafasi ya chuo cha uuguzi, na bila kemia hapati. Mwalimu alipomwona binti yule sakafuni, jicho lake sawa na maji, aliitupia jicho ile bahasha. Akajua amefanya nini.

Msimamizi akamwona amebadilika uso. "Mwalimu, kuna tatizo? Bahasha ninayo bado. Kama kuna la kurekebisha, sema sasa."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi kiasi gani? Angesema tu, "Mama, nimekosea, naomba nipime tena." Basi!

Mwalimu akasema, "Hakuna tatizo."

Mtihani ulipokwisha wanafunzi wakatoka nje, wakaanza kuulizana namba kama ilivyo kawaida yao. Wote walikaribiana. Binti yule peke yake ndiye aliyekuwa mbali. Akamfuata mwalimu pale uwanjani, machozi yanamlengalenga, na msimamizi alikuwa bado anapanga mizigo yake garini.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi nilipiga magoti ulivyotufundisha. Wenzangu wote wamepata kitu kimoja, mimi nimepata kingine. Nimekosea wapi?"

Mnataka kujua alimjibu nini? Mwalimu alitazama gari. Kisha akamshika binti bega, kwa upole kabisa, akamwambia, "Pole, mwanangu. Siku nyingine uwe unaangalia wenzako wanafanyaje."

Mnaguna! Mnamwona mwalimu mbaya. Lakini hebu niambieni, ni nani humu alimfundisha mwanawe asiseme uongo, kisha akamtuma mlangoni kusema, "Baba hayupo"? Nani alimhubiria binti yake uaminifu, na siku binti alipokataa kutia sahihi ya hila kazini, akamwambia, "Wewe nawe umezidi, wenzako wanaishije?" Sisi ndio tunaowasahihisha watoto wetu. Wanaotuiga tunawapa alama. Anayelishika neno tulilomfundisha tunamwita mkaidi, tena tunampa pole! Linaniuma jambo hili, wapendwa, kwa sababu watoto wa namna hiyo ni wachache, na wanaowavunja moyo si watu wa nje. Ni sisi, kwa sauti ya upole.

Basi mahubiri yangu leo ni mafupi. Kuna mtoto nyumbani kwako, labda sasa ni mtu mzima, yuko mbali, aliyefanya sawasawa na ulivyomwambia, ukamwacha aamini kwamba amepotea. Usingoje mpaka ibada nyingine. Mtafute leo hii, umwambie kwa kinywa chako: hukukosea wewe, nilikosea mimi.