Piano Iliyomjibia Marehemu

Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, hawakuwa wakimsifu mtu asiye na la kusema. Walimaanisha kimya kilichobeba kitu ndani, kama chungu kilichofunikwa juu ya moto: hukisikii, lakini ole wako ukidhani ni kitupu. Balagizi alilijua hilo akiwa na miaka arobaini na minane, tena kwa aibu.

Siku za kazi Balagizi alipanga maboksi katika ghala la mizigo huko Okolona, kusini mwa jiji la Louisville, Marekani. Jumapili alipiga kinanda kanisani, na kinanda cha kanisa la Wakongo hakipumziki. Mchungaji akiomba, kinanda kinanong'ona chini yake. Mwimbaji akivuta pumzi, kinanda kinaziba pengo. Mpigaji akinyamaza hata kidogo, wazee wa kanisa hugeuza shingo kana kwamba umeme umekatika. Balagizi alikuwa fundi wa kuziba mapengo, na ufundi huo ulikuwa umemganda kama moshi kwenye koti.

Majira ya baridi yale alianza kuota nyimbo za namna nyingine. Hazikuwa za ibada wala za kuchezwa arusini. Yalikuwa mashairi yaliyotiwa muziki, sauti moja na piano moja, watu wameketi wakilisikiliza kila neno. Akatunga wimbo mmoja. Shairi lilikuwa la Nzigire, mama Mkongo wa jiji la Buffalo anayefanya kazi ya kutunza wazee. Lilimhusu kaka yake, aliyepotelea mtoni siku walipokimbia vita. Mwimbaji alikuwa Ernestina, Mtanzania anayesomea uimbaji jijini Columbus, mwenye sauti laini kama maziwa ya moto. Onyesho lilipangwa Columbus, Jumamosi ya mwisho ya Machi. Kilikosekana kitu kimoja tu: idhini ya Nzigire.

"Ndugu yangu simtoi kwa simu," Nzigire alisema. "Mje mniimbie hapa."

Basi, zikiwa zimebaki wiki mbili, Balagizi alitoka Louisville alfajiri, akampitia Ernestina Columbus, wakashika njia ya Buffalo. Theluji ilianguka polepole. Mashamba yalikuwa meupe hadi mbingu na ardhi zikawa kitu kimoja. Ernestina aliimba mdomo umefumbwa, na Balagizi akahisi kwamba gari limesimama, dunia ndiyo inayoteleza kando yao.

Nzigire alikaa karibu na barabara ya Bailey.

"Shikamoo, mama," Ernestina alimwamkia.

"Shikamoo ndiyo chakula gani?" Nzigire akacheka, maana kwao Kongo hawaamkiani hivyo. "Keti, binti. Na wewe, papa Balagizi, mbona umekonda hivi? Louisville hamnaga fufu?"

Walipokwisha kula waliuimba wimbo kwa kinanda kidogo kilichokuwa sebuleni. Nota za Balagizi zilitiririka bila kukatika, zikaingia katika kila mwanya wa shairi kama maji katika mchanga. Ulipokwisha, alitabasamu. Nzigire alikuwa akitazama dirishani.

"Bon. Muziki ni muzuri," alisema. "Lakini hapana. Hautaimbwa."

"Kosa liko wapi, dada?" Balagizi aliuliza.

Nzigire aliichukua karatasi, akasoma mwenyewe:

"Kaka, nilikuita ng'ambo ya mto,
nikakuita tena."

Akanyamaza. Friji ilinguruma. Theluji iliteleza kutoka paani, ikaanguka pu! Basi likapita barabarani. Balagizi alidhani mama wa watu amesahau, akafungua mdomo amkumbushe. Nzigire akainua kidole. Kimya kiliendelea mpaka Balagizi akahisi ubaridi wa maji miguuni, ingawa alikuwa amekaa kwenye zulia. Ndipo Nzigire akamalizia:

"Maji yakapita, nami nikapita."

Aliiweka karatasi mezani. "Pale kati nilikuwa namungoja ajibu. Nilingoja mpaka watu wakanivuta mkono. Donc wewe unaingia pale na piano yako, tililili, unamjibia! Nani alikutuma?"

Balagizi alinywea. "Niliogopa watu wataona tumekosea."

"Waache waone. Nitakuja Columbus. Ukimjibia tena, nitasimama mbele ya watu wote, nichukue karatasi yangu, nirudi kwangu."

Balagizi alifuta nota arobaini na moja. Kuzifuta kulikuwa rahisi. Mikono ndiyo iliyokataa. Kila walipofanya mazoezi, wakifika kwenye pengo, kidole kimoja kilichomoka chenyewe kama mwizi.

"Kaka Balagizi, ikalie hiyo mikono!" Ernestina alimtania.

"Na nikishindwa siku yenyewe?"

"Mimi nitatokea mlango wa nyuma. Wewe na mama mtajuana."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa Wakongo, Warundi na Watanzania, na jua la alasiri liliingia kwa mshazari likifanya vumbi lielee kama dhahabu. Nzigire aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani. Ernestina akaimba, sauti yake ikapanda taratibu:

"Nikakuita tena."

Piano ikanyamaza.

Kiti kililia mahali fulani. Mchungaji mmoja akageuza shingo. "Amesahau?" mtu alinong'ona. Vidole vya Balagizi vikashuka vyenyewe mpaka vikagusa piano. Bado kubonyeza tu. Nzigire alishika ukingo wa kiti kama anayejiandaa kusimama. Balagizi akaumeza woga wake, akaiondoa mikono, akailaza magotini.

Kimya kikakua. Kikaujaza ukumbi hadi darini.

Kisha, kutoka nyuma kabisa, mwanamume alisema kwa sauti ya chini, kama amwitaye mtu aliye chumba cha pili: "Cyubahiro."

Hakuna aliyegeuka. Mwanamke akaita, "Ruta." Mwingine akaita, "Mama Florida." Majina yakaanza kudondoka moja moja kama mvua inavyoanza, kisha yakamwagika yote kwa pamoja, kutoka kila kona, ya watoto, ya waume, ya majirani waliopotea vitani, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Nzigire alisimama. Hakuichukua karatasi.

"Ezéchias!" alimwita kaka yake, kwa sauti ya msichana mdogo. "Ezéchias!"

Ukumbi mzima ukatulia ukingoja pamoja naye. Hakuna aliyejibu. Walipokwisha kungoja vya kutosha, Ernestina aliimba mshororo wa mwisho bila piano, na watu wakabaki wameketi, nyuso zimelowa, kana kwamba wote wamefika ng'ambo moja. Balagizi alikuwa amepiga maelfu ya nota maishani mwake, na hakuna hata moja iliyowahi kuutikisa ukumbi namna ile. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.