Fisi Madoa na Sauti ya Kwanza

"Mpo jamani?"
"Tupo, na masikio tumeyaleta!"
"Nitege?"
"Tega, tunase!"

Basi palikuwa na Fisi. Nasema Fisi Madoa; fisi maji ni mnyama mwingine kabisa, hula samaki, wala hahusiki na jambo hili. Fisi Madoa alisikia kwamba mbuzi wa kijiji cha Mtundwe wanatafuta mwalimu wa darasa la kwanza. Wanafunzi saba, wanono saba. Lakini lazima awe na cheti cha kufundisha sauti za herufi.

Akaenda kwa Sange, mkufunzi wa walimu. Sange si panya, ingawa wengi humwita hivyo. Pua yake ndefu kama mrija.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka cheti. Nikikikosa, nitaanza na wewe."

"Marahaba. Hatuna haja ya kugombana, bwana. Keti. Mwalimu wa sauti hutoa sauti, na watoto humtazama mdomo."

"Husogea karibu?"

"Karibu sana. Kwenye sauti ya a, mwalimu hupanua mdomo, aaaa! Watoto huchungulia mpaka kooni."

Mate yakamdondoka Fisi, cho, cho, cho. "Nifundishe hiyo!"

"Taratibu. Kwanza m. Midomo hufumbwa, mmmm. Huifumbui mpaka darasa zima litoe sauti hiyo. Na mabeberu hukaa dirishani na pembe zao, wakisikiliza. Ukiruka hatua, watajua wewe ni mwalimu wa bandia, wataingia."

Fisi akafanya mazoezi siku tatu, mmmm, mmmm, akapewa cheti.

Sange akatangulia Mtundwe mbio, akawanong'oneza wanambuzi: "Mwalimu huyu akifika kwenye a, mmekwisha. Kila mara mmoja wenu akosee."

Jumatatu Fisi akaingia darasani. "Mmmm!"

Sita wakaitikia, "Mmmm!" Wa saba, Chechele, akasema, "Ssss!"

Fisi akamkodolea macho. "Mmmm!"

Sita wakaitikia, "Mmmm!" Dada yake Chechele akasema, "Brrrr!"

Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Wiki zikapita, na kila jioni Fisi alilala bila kula. Alikuwa akiwawekea wale saba nafasi tumboni. Usingizini alikuwa akifanya mazoezi, midomo imefumbwa. Mbavu zikaanza kuhesabika. "Mmmm!" "Ffff!" "Mmmm!" "Kkkk!" Kwa kukosea kila siku, wanambuzi wakamaliza sauti zote, wakawa wanasoma gazeti.

Siku ya kufunga shule, mabeberu wakaingia wakishangilia.

"Muhula mzima hajamfokea mtoto!" akasema Beberu mkubwa. "Mwalimu, pokea zawadi." Wakamtwika tita la majani mabichi. Fisi akayumba, yu, yu, yu.

"Tuage basi, mwalimu!"

"Mmmm," akasema Fisi.

Wanambuzi wakamhurumia. Wote saba, Chechele na dada yake wakiwemo, wakaitikia sawasawa: "Mmmm!"

Fisi akaruka! Darasa zima limepata! Sasa ni a! Watoto wakasogea, wakanyoosha shingo, wakamtazama mdomo. Fisi akavuta pumzi, akakaza shingo, akasukuma. Taya zimeganda kwa kufumbwa muhula mzima. Akasukuma tena.

"Mmmm," akasema. Mpaka leo yuko kwenye m.

Mtego nimeutegua, aliyenaswa ajinasue. Na funzo lake ni hili, wanangu: darasani jibuni sawasawa, mara ya kwanza, wala msimcheleweshe mwalimu.