Jogoo Aliyemkera Aikande

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, kuku walipokuwa bado wakisema na watu, huko mlimani aliishi mjane aitwaye Aikande. Mabinti zake walikuwa wameolewa mbali, na aliyebaki naye nyumbani ni jogoo mmoja tu. Moyo wake ulikuwa laini: hata akimfokea mbuzi, alipiga magoti akatubu kwa machozi.

Jirani yake aliitwa Ndealilia, mjane kama yeye. Mashamba yao yalitenganishwa na mstari wa masale, ile mimea ya mpakani. Siku moja tamaa ikamshika Aikande. Akayang'oa masale, akayapanda hatua moja ndani ya shamba la mwenzake.

Alfajiri jogoo akawika: "Mama, masale yalikuwa kule!"

Aikande akatoka mbio, akayarudisha.

Msimu wa pili akayasogeza tena. "Mama, masale yalikuwa kule!" Aikande akajifunga kanga masikioni, akalala.

Msimu wa tatu akayasogeza tena. "Mama, masale yalikuwa kule!"

"Una kelele wewe!"

Siku hiyo mwinjilisti alikuwa anakuja kumtembelea. Sasa nani angemlaumu kwa kumchinjia mgeni jogoo? Mwinjilisti akala, akalamba vidole, akamwombea amani.

Amani gani jamani! Asubuhi kimya, mchana kimya, jioni kimya. Jumapili watu wakaungama, wengine wakilia, naye akayatafuta machozi asiyapate. Akajiona yuko peke yake katikati ya kanisa lililojaa. "Nililia kwa ajili ya mbuzi," akawaza, "leo nimekula shamba la mjane na sisikii kitu. Mungu wangu, nimekuwaje?" Hapo akaogopa kweli.

Ibada ilipoisha akamfuata Ndealilia mpaka kwake.

"Dada, ni mimi niliyesogeza masale."

"Najua," Ndealilia akasema. "Jogoo wako nilikuwa namsikia. Kila akiwika nilikuwekea kigoda hapa mlangoni, nikisema leo atakuja. Siku aliponyamaza, nikakirudisha ndani."

Aikande akaketi chini kwenye vumbi, akalia. Masale aliyarudisha siku hiyohiyo. Lakini tangu hapo hakuwa na wa kumwamsha. Kila alfajiri aliamka mwenyewe, akajihoji mbele za Mungu, na nyumba ikabaki kimya.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Na wewe, kama unaye jogoo anayekukera, usialike wageni.