Kuku Aliyedhaniwa Anataga kwa Jirani

Wapendwa, leo tuzungumze habari za kuku. Chekeni sasa hivi, maana tukifika mwisho sina hakika kama kicheko kitakuwapo.

Mama mmoja alifuga kuku uani kwake, wa kienyeji, si wengi. Kati yao alikuwapo tetea mwekundu, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote, kwa sababu alitaga bila kumsumbua mtu. Anaingia kiotani, anatoka anapiga kelele, yai lipo, watoto wanakula.

Basi ikafika siku kuku yule akaingia kiotani, akakaa sana, akatoka kimya. Mama kutia mkono kwenye majani, hakuna kitu. Kesho yake vilevile. Ninyi mnaofuga mnajua mtu akifika hapo anawaza nini. Anawaza kwamba kuku anaumwa? Wapi! Anawaza, huyu anataga kwa jirani.

Na jirani alikuwapo, mjane aliyehamia karibuni. Ua uliowatenganisha ulikuwa wa mabua, wenye pengo la kutosha kuku kupita. Yule mama akaanza kunusa hewa. Kikikaangwa kitu upande wa pili, anasema, "Hayo ni mayai yangu." Salamu nazo zikawa za kutazama pembeni, kama zile tunazopeana hapo mlangoni tukitoka ibadani. Mwishowe akachukua kamba, akamfunga kuku mguu, akamfungia palepale kiotani.

"Utatagia hapahapa," akamwambia. "Mtama wangu ule, mayai upeleke kwingine?"

Kuku akakaa na kamba yake. Mtama hakuugusa. Manyoya yamemvimba, mkia umelala, anajikaza, anafumba macho, anatulia, anajikaza tena. Mama akipita anaona yote hayo, na anasema ni ubishi.

Siku hiyo jirani akaja kuazima kinu. Alipomwona kuku akachutama, akampapasa tumbo.

"Mwenzangu, huyu yai limemkwama. Tukimwacha hivi atakufa. Una maji ya uvuguvugu?"

Mama akaleta maji kwenye beseni, wakamkalisha kuku humo, tumbo lote ndani ya maji. Mama kwa haraka yake akataka kulisukuma yai litoke. Jirani akamshika mkono. "Usimkamue. Likipasukia ndani tumempoteza." Akampaka mafuta ya kula pale yai linapotokea, taratibu, kama mtu anayemhudumia mtoto mchanga. Kisha akauliza, "Na hii kamba ya mguuni?"

Mama alitamani ardhi ipasuke. Akasema, "Nilidhani anataga kwako."

Jirani akaifungua ile kamba. Ilimuuma, mnadhani haikumuuma? Halafu akasema, "Leta kitambaa tumkaushe. Umweke kwenye boksi, mahali penye joto na giza, asisumbuliwe na mtu."

Yai lilitoka kabla jua halijazama, kubwa, lina damu. Kuku akanywa maji. Siku zilizofuata akapewa mboga na maganda ya mayai yaliyosagwa, akapata nguvu, kilemba chake kikawa chekundu tena.

Hadithi ingeishia hapo tungesema amina twende nyumbani. Lakini kuku alipopona, mama alimtengenezea kiota kipya, majani makavu, safi. Kuku akakitazama, akapita kwenye lile pengo la ua. Baadaye jirani akaja na yai mkononi, lingali na joto.

"Kuku wako ametaga kwangu," akasema. "Nimemfukuza, amerudi. Nimfanyeje?"

Mama akalipokea yai lake.

Sasa sisi. Kulikuwa na dada hapa aliyekuwa akituongoza kuimba. Mnamkumbuka. Akaanza kukaa kimya. Sisi tukasema nini? Tulisema anaringa. Tulisema moyo wake uko kanisa la kule ng'ambo ya barabara. Tukamwita kikaoni, tukamwekea masharti, tukamsimamisha mbele ya watu aeleze. Je, kuna mmoja wetu aliyekwenda kwake, akakaa naye jikoni, akamuuliza anaumwa wapi? Mimba yake ilikuwa imeharibika, wapendwa. Mimi mchungaji wake nimelijua hilo juzi, na nimelisikia kutoka kwa watu wa kanisa la ng'ambo ya barabara, ambao yeye mwenyewe amewaruhusu waniambie, na mimi niwaambie ninyi.

Kule ndiko anakoimba siku hizi. Nilipita nje Jumapili iliyopita jioni, nikasimama nikamsikiliza. Anaimba vizuri sana.

Nimeambiwa anawasalimu.