Bi Nguchiro Amfundisha Sokwe Gofu

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa shimo.
— Shimo la nani?
— La aliyelichimba.

Hapo hapo. Jibu hilo mlishike, msiliachie, maana alikuwepo mkubwa mmoja aliyekuwa na jibu lake.

Hapo zamani, kando ya msitu, palikuwa na uwanda wa nyasi fupi, na kwenye uwanda huo waliishi wanyama wa mashimo. Muhanga, yule mla mchwa, alikuwa na shimo lake. Nungunungu alikuwa na shimo lake. Fuko alikuwa na shimo lake, ingawa mlango haoni ulipo. Na Bi Nguchiro, mjane mdogo wa mwili, mwenye watoto wanne na mdomo usiopumzika, alikuwa na shimo lake. Alilichimba kwa kucha zake mwenyewe, masika mawili mazima, akaweka chumba cha kulala na chumba cha kuhifadhia mayai.

Msituni aliishi Sokwe. Sokwe alikuwa na nguvu nyingi, na tamaa nyingi kuliko hizo nguvu. Akitaka ndizi moja, alikata mkungu. Akitaka mkungu, alibeba mgomba.

Siku moja Sokwe akaenda nchi ya watu, akapanda mti uliopakana na kiwanja cha gofu, akatazama kutwa nzima. Akaona watu wazima, wenye akili zao, wanapiga kijimpira cheupe kwa fimbo, wanakifuata, wanakipiga tena, mpaka kinaingia shimoni. Akahesabu mashimo, akapata kumi na nane, kila moja na bendera yake na kopo la bati mdomoni. Akaona na wengine wamesimama pembeni, mwalimu anawafunga mikanda viwikoni, anawashikisha hiki, anawavalisha kile, ili waishike fimbo vizuri na kuizungusha vizuri. Watu walipokwenda kula, Sokwe akashuka, akabeba fimbo moja, mpira mmoja na bendera zote, akarudi zake.

Kesho yake Bi Nguchiro alikuwa chumbani anawalisha wanawe. Mara akasikia huko juu, shwaa, pwaa. Kimya kidogo. Kisha ko, ko, ko, ko, tumbwi. Mpira umepita mlangoni, umeshuka ukumbini, umemgonga kitinda mimba utosini. Ikaota nundu hapo hapo, na mtoto mwenyewe kichwa hana cha kuibeba.

Bi Nguchiro akatoka nje mbio kwa hasira.

"Nani huyo?"

"Ni mimi," Sokwe akasema. "Sogea, bibi, unaziba Namba Saba."

"Namba Saba ndiyo kitu gani?"

"Hapo uliposimama."

"Hapa ni kwangu."

"Hapo ni shimo," Sokwe akasema, "na shimo ni la gofu." Akainua bendera, akaichomeka ardhini, ikapenya dari ya chumba cha mayai. Pwata, pwata, pwata. Hakuna hata moja lililosalimika.

Si Namba Saba peke yake. Kwa Muhanga ndiyo ilikuwa Namba Moja, kwa Nungunungu Namba Tano, kwa Fuko Namba Kumi na Mbili. Mashimo kumi na nane, bendera kumi na nane, na wenye nyumba wote nje na watoto wao. Wanyama wakaandamana mpaka kwa Sokwe, wakalalamika.

"Kwani mimi mnyang'anyi?" Sokwe akauliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa. "Tufuate sheria. Jumamosi kuna mashindano. Shimo ni la yule atakayeingiza mpira humo kwa fimbo. Likishapata mwenyewe, tunapigilia kopo la bati mdomoni, na kesi imekwisha milele. Kila mnyama anaruhusiwa kushindana."

"Kwa fimbo gani?" Muhanga akauliza.

"Kila mtu na yake."

"Na mpira?"

"Mpira upo mmoja. Ninao mimi."

Hebu niambieni ninyi mlioketi hapo, hiyo ni sheria au ni matusi?

— Ni matusi.

Ahsanteni. Bi Nguchiro naye aliona ni matusi. Angeambiwa tu "toka, nina nguvu kuliko wewe," angelia yakaisha. Lakini kufukuzwa kwako, halafu ukaambiwa umekaribishwa kushindana! Alihamia chini ya kichaka cha miiba na wanawe wanne, mvua ikawanyeshea, na kila alipotazama upande wa kwake aliona kile kibendera kinapepea. Kifua kilimwaka. Alijua kopo la bati likishapigiliwa, hakuna kucha ya nguchiro itakayoling'oa.

Jumatano akaenda kumchungulia Sokwe kwenye mazoezi. Sokwe alikuwa ameishika fimbo kama anaikaba roho. Akaizungusha, shwaa, pwaa, akachimbua bonge la udongo. Mpira umetulia palepale. Akaizungusha tena, shwaa, pwaa, bonge la pili. Mpira umetulia palepale.

"Nimekosa vifaa," Sokwe akanung'unika. "Wale watu wana vifaa vya mazoezi. Mtu atachezaje bila vifaa?"

Bi Nguchiro aliposikia neno vifaa, hasira yake haikuondoka, ila ilikaa kitako ikaanza kufikiri.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema. "Vifaa mimi navijua. Nimezaliwa chini ya kiwanja cha gofu. Mguu wa juu ukikosea, sisi huku chini tunasikia."

Sokwe akamtazama kwa jicho la pembeni. "Si wewe wa Namba Saba? Nimekutoa nyumbani, kwa nini unisaidie?"

Bi Nguchiro alihisi ulimi unamwasha. Alikuwa na jibu la kumtosha Sokwe na ukoo wake wote. Akalimeza, likapita kwa shida.

"Nyumba ipi, Bwana Mkubwa? Si ulisema lile ni shimo tu."

Sokwe akafurahi sana. "Sasa wewe ndiye mwelevu. Vifaa viko wapi?"

"Nitavileta Jumamosi asubuhi. Vikilala vinapoteza nguvu."

Alhamisi Bi Nguchiro akakinga utomvu wa mfenesi, akauchemsha mpaka ukawa ulimbo, ule unaonasa ndege. Ijumaa akachana mkonge, akasokota kamba mpaka vidole vikatoka malengelenge. Jumamosi kumepambazuka, akamkuta Sokwe chini ya mgunga, karibu na Namba Saba, fimbo mkononi, mpira mbele yake.

"Tuanze na mshiko," akasema.

Na ninyi vijana mnaotabasamu, si mshiko wa mfukoni. Nasema namna ya kushika fimbo.

"Unakaba mno, Bwana Mkubwa. Fimbo inashikwa kama kifaranga. Legeza."

Sokwe akalegeza, akaizungusha. Shwaa! Fimbo ikamtoka, ikaruka, ikaangukia kwenye majani.

"Unaona? Nikilegeza inakimbia."

"Ndiyo sababu kuna kifaa," Bi Nguchiro akasema, akatoa kata ya ulimbo. "Unapaka viganja vyote viwili. Unashika kama kifaranga, na kifaranga hakikimbii."

"Nitapiga mbali?"

"Mbali sana."

"Basi nipake."

Akampaka. Nata, nata, nata. Sokwe akaiokota fimbo, akaishika, mkono huu juu, mkono huu chini.

"Sasa viwiko. Viwiko vyako vinatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Wale watu uliwaona wamefungwa mikanda?"

"Niliwaona kwa macho yangu."

"Mkanda wenyewe huu hapa."

"Nitapiga mbali?"

"Mbali sana."

"Basi nifunge."

Akamfunga viwiko kwa kamba ya mkonge. Kaza, kaza, kaza. Mara sita, kisha ya saba kwa ajili ya ile nundu ya mwanawe.

"Sasa miguu. Unayumba. Mchezaji mzuri miguu yake imeota mizizi."

"Nitapiga mbali?"

"Mbali sana."

"Basi nioteshe mizizi."

Kazi hiyo haikumhitaji Bi Nguchiro kuombwa mara mbili. Alichimba, chwaka chwaka chwaka, alichimba kwa hasira yote aliyokuwa nayo, udongo ukawa unaruka juu. Sokwe akaingia mashimoni hadi mapajani, na yeye akafukia, akashindilia kwa mawe, akarukaruka juu yake, ti, ti, ti.

"Kimebaki kichwa. Kichwa kikiinuka kabla ya pigo, mpira unapotea."

"Nitapiga mbali?"

"Nchi ya watu watasikia."

"Basi fanya haraka, wanyama wanakuja."

Akampaka ulimbo utosini na kisogoni, akamfunga nywele fundo fundo kwenye tawi la mgunga. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akamtazama mwanafunzi wake kuanzia juu mpaka chini. Hakuona pa kuongeza.

Wanyama wote wakawa wamefika, kila mmoja amesimama karibu na bendera iliyo juu ya nyumba yake, wanasubiri kunyang'anywa kwa mujibu wa sheria.

"Mashindano yaanze," Sokwe akatangaza. Akazungusha fimbo. Fimbo haikuzunguka. Akazungusha tena. Mkono hauendi, kiwiko hakiendi, mguu hauendi. Akajaribu kuinua kichwa, nywele zikalia nyaa.

"Mwalimu, mbona sisogei?"

"Hiyo ndiyo inaitwa kutulia."

Bi Nguchiro akapita chini ya kwapa la Sokwe, akauchukua mpira, akauweka nyasini. Akavunja bua la mtama.

"Unafanya nini na mpira wangu?"

"Nashindana. Ulisema kila mnyama anaruhusiwa, kila mtu na fimbo yake. Fimbo yangu hii hapa."

Akaugusa mpira kwa bua. Tik. Ukabiringika kidogo. Tik. Ukabiringika tena. Alijua akikosea na Sokwe akanasuka hakuna Jumamosi nyingine. Akavuta pumzi. Tik. Ko, ko, ko, ko, tumbwi.

Akang'oa bendera, akaivunja kwa goti, akatupa vipande. Kisha akampa Muhanga mpira na bua. Muhanga, tik, tumbwi, kwake. Nungunungu, tik, tumbwi, kwake. Fuko wakamshika mkono, akakosa mara tisa, ya kumi tumbwi, kwake. Mashimo kumi na nane, moja baada ya jingine, na Sokwe pale katikati anatukana. Kila alivyokasirika alizidi kukaba fimbo, na kila alivyokaba ulimbo ulizidi kumshika.

"Ni wizi," akapiga kelele. "Sheria haiwezi kuwa hivyo."

Bi Nguchiro akasimama mbele ya uso ule mkubwa. Sasa hakumeza kitu.

"Sheria hukuiona mbaya ulipokuwa na fimbo peke yako. Mwanangu ana nundu. Mayai yangu yote umeyapasua. Siku tano nimelala na watoto mvuani, huku kwangu napaona. Kisha unaniambia nimekaribishwa. Nimekaribishwa kwangu! Huna hata haya."

Sokwe akataka kutikisa kichwa kukataa, nywele zikalia nyaa.

Wanyama wakaingia majumbani mwao. Sokwe akabaki mgungani Jumamosi, akabaki Jumapili. Jumatatu Muhanga, ambaye moyo wake ni laini kupita kiasi, akamfukua, akakata kamba, akampaka mafuta ulimbo ukaachia. Nywele za utosini zilibaki kwenye tawi.

Jumanne Bi Nguchiro alikuwa ukumbini anafagia maganda ya mayai. Akasikia hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

Akachungulia. Sokwe amesimama nje, kipara kinang'aa, fimbo iko kwapani. Bi Nguchiro akangoja aseme pole. Akangoja aseme samahani. Hata kumuulizia mtoto hakumuulizia.

"Nimefikiri siku zote tatu nilipokuwa pale," Sokwe akasema. "Nimelijua kosa letu. Magoti. Tulisahau kufunga magoti."

Bi Nguchiro akakitazama kile kipara. Hasira ilimpanda upya, ikafika shingoni, ikafika masikioni. Kisha akaweka ufagio chini.

"Subiri hapo hapo nje," akasema. "Naleta kamba."

Basi, hadithi yetu inatufunza nini? Inatufunza kwamba mdogo akitolewa kwake anyamaze, aseme ahsante, angoje sheria imtazame kwa huruma. Hasira si nzuri, inachafua sura. Na mkubwa akitaka kujifunza gofu, msimbanie vifaa, mpeni vyote, na vya magoti pia, kwa sababu mazoezi ni afya. Mimi nimefundisha. Kama hadithi imesema vingine, kamuulizeni hadithi.

— Hadithi iko wapi?
— Imeingia shimoni.
— Shimo la nani?
— La aliyelichimba.

Imeingia kwake, nami naingia kwangu. Na atakayenikuta mlangoni na bendera, aje na magoti yake.