Kadi Moja, Watu Watatu

Hapo zamani, zamani isiyoota mvi bado, Sekela alihitimu masomo ya ukutubi. Kwenye sherehe shangazi yake akauliza, sahani ya pilau mkononi: "Hivi mwanangu, hiyo kazi ya kulinda vitabu itakufikisha wapi?" Watu wakacheka, wakaendelea kula.

Sekela akapata kazi kwenye maktaba ya mji wa Itundwa, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Akawakuta wenzake wawili, nao wa mkataba vilevile: Mama Nyamizi, aliyefagia, na Kapufi, aliyepeleka vitabu milimani kwa baiskeli. Miaka tisa wakaishi hivyo. Mjini waliitwa walinzi wa vumbi.

Mwaka wa tisa akaja bwana mmoja na hati zake, akasema chemchemi ya mji ni mali ya babu yake. Baraza la ardhi likasema: leteni ushahidi ndani ya siku tatu. Wazee walikumbuka, lakini kumbukumbu ya mzee haina mhuri. Madiwani wakakimbilia maktaba. Mmoja wao aliuliza mlango uko upande gani.

Sekela akavuta droo. Alikuwa ameandika kadi ya kila kitabu, hata vile vibovu. Mkubwa wake alizoea kumwambia anapoteza wino. Kadi ikasema: kitabu cha wapima ardhi, chenye ramani ya chemchemi, kipo. Wakaenda kwenye rafu. Pengo tupu.

Kapufi akakuna kichwa. "Nilimwazima Mzee Mwasile, kule juu. Sikugonga mhuri."

"Kaka Kapufi! Bila mhuri?"

"Miguu yake haishuki mlima, dada. Nimpandishie na meza yako?"

Akapanda baiskeli, akarudi kesho yake na kitabu. Kurasa mia sita, na Mzee Mwasile, aliyekisoma chote, alishachomeka unyasi kwenye ukurasa wenyewe.

Na ramani ilisomeka. Kwa nini? Kwa sababu masika moja, kabla Sekela hajaajiriwa, paa lilivuja, vitabu vikalowa, amri ikatoka vichomwe. Mama Nyamizi, ambaye hajui kusoma, alivibeba nyumbani kwake, akavikausha ukurasa kwa ukurasa kwa magazeti na jiwe la kusagia, akavirudisha kimyakimya.

Mji ukashinda. Halmashauri, kwa furaha yake yote, ikatoa nafasi moja ya ajira ya kudumu, yenye pensheni. Moja! Wawili waliobaki, mikataba basi.

"Chagueni wenyewe," akasema ofisa utumishi, akiweka kadi tupu mezani. "Andikeni jina. Napita saa sita." Akaenda kunywa chai.

"Kitabu kisichosomwa ni kuni," akaanza Kapufi. "Mimi nilikipa msomaji. Bila unyasi ule mngekuwa mnafunua kurasa mpaka leo."

"Mngefunua nini?" akacheka Mama Nyamizi. "Majivu? Mwenye kadi angepeleka kadi barazani, mwenye baiskeli angepeleka baiskeli!"

"Na nani angejua kipo?" akasema Sekela. "Kisichoandikwa hakiulizwi. Mimi ndiye niliyeisomea kazi hii. Wewe kaka ulikitoa kinyemela."

"Na wewe ungekifungia, dada, kisionwe na mtu."

"Na wewe, mama, hiyo nafasi ina ripoti za kuandika. Utaziandika?"

Neno likamtoka Sekela, na hakukuwa na njia ya kulirudisha.

Mama Nyamizi akaitazama kadi. "Sitaweza, mwanangu. Hata hapo ukiandika jina lako ukaniambia ni langu, sitajua."

Kapufi akageukia dirishani. Kalamu ilikuwa kwa Sekela, kama miaka yote. Kadi za maktaba ile hakuandika mwingine. Akamkumbuka shangazi yake na ile sahani ya pilau. Herufi ya kwanza ya jina lake ilimwasha vidoleni. Nje, viatu vya ofisa vikasikika kwenye kokoto.

Msiseme halmashauri ingetoa nafasi tatu. Hilo hata kokoto zinalijua, na ofisa yuko mlangoni. Je, nani alistahili: aliyekiokoa kitabu, aliyekiandikia kadi, au aliyekifikisha kwa msomaji?

Tafadhali, tajeni jina moja.