Kabati la Fundi Hatibu

Kabati halikerezi. Methali hii Bi Mgeni aliitoa jioni moja alipomkuta mjukuu wake Zuhura, ambaye mtihani ulikuwa umeshamkaribia, amemaliza siku nzima akijalidi madaftari na kuipaka rangi ratiba ya kusomea. Zuhura na binamu zake wakataka kujua ni kabati gani hilo, na nani alilitegemea likereze. Bi Mgeni akavuta ungo wake wa mchele, akasimulia huku akichambua. Methali hii ilianza hivi.

Pangani alikuwepo mkereza mmoja jina lake Hatibu. Kerezo, ile mashine ya kuzungushia mti ili uchongwe mviringo, aliiweka kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake na kuiendesha kwa mguu. Ujanani alikereza matendegu, ile miguu ya vitanda, ambayo watu waliyatazama wakasahau kilichowaleta. Kisha vikaingia vitanda vya chuma, kazi ikapungua, na Hatibu akabaki na mipini ya majembe na michi ya kutwangia. Mkono usiotumika huwa mzito. Wa kwake ulishaanza kuwa mzito, ila hilo hakumwambia mtu.

Dada yake, Mwajabu, alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Saumu. Mtoto huyo alipozaliwa, baba yake, marehemu Shekue, aliangusha mninga shambani kwake, akatoa mapande manne manene na kuyapandisha darini yakauke taratibu. Alipougua ugonjwa uliomchukua, alimwita Hatibu.

“Shemeji,” alimwambia, “yale ni matendegu ya kitanda cha harusi ya Saumu. Mimi sitayaona. Utayaona wewe.”

Hatibu aliitikia kwa moyo wake wote. Miaka ikaenda, Saumu akaposwa, harusi ikapangwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mapande yakateremshwa darini yakaletwa kibandani. Seremala wa mtaa wa pili alikwishatengeneza mifumbati na chaga, mbao za ubavuni na za kulalia. Kilichobaki ni matendegu manne tu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mjomba.

Hatibu akalifunga pande la kwanza kwenye kerezo, akashika patasi, akalitazama. Akalifungua. Aliogopa. Mninga wa marehemu ukiharibika, wa pili hakuna. Lakini mtu mzima hakubali kwamba anaogopa hivihivi, hutafuta sababu yenye heshima, na Hatibu hakuitafuta mbali. Patasi zake zilikuwa zimerundikwa kwenye debe la mafuta, makali yakigongana.

“Kazi kama hii haifanywi kwa vyombo vya debeni,” alijiambia. “Kwanza kabati.”

Na kabati likampa raha, jamani. Kulijenga hakukumtia hofu hata chembe. Kila patasi aliichongea nafasi yake, pana kwa pana, nyembamba kwa nyembamba, na ile iliyopinda akaipa kishimo chake peke yake. Akatia rafu ya mawe ya kunolea na droo za msasa. Mwajabu akija kuuliza, alimpokea mlangoni.

“Kaka, matendegu yamefika wapi?”

“Yanakuja, dada. Natengeneza mahali pa vyombo kwanza. Fundi asiye na mpangilio hukosea.”

“Sawa, kaka. Lakini mfungo mosi hauko mbali.”

“Hata mimi najua kuhesabu miezi,” alijibu Hatibu, akacheka, na dada yake akacheka naye. Alimwamini.

Tabu ilianzia kwenye milango. Mbao za msonobari zilifaa mgongoni na ubavuni, lakini mbele zilionekana maskini. Hatibu akalitazama pande moja la mninga. Akajiambia kwamba mninga ni mninga, pande jingine litapatikana, akalipasua. Milango ikatoka mizuri ajabu, nyekundu, yenye mistari iliyotulia. Ikawa sasa droo hazifanani na milango. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akapasua la pili. Mapande mawili yaliyobaki aliyazunguka siku kadhaa, mwisho akaona kwamba matendegu mawili hayasimamishi kitanda, akayapasua nayo kwa ajili ya taji na nguzo za pembeni.

Vanishi ilipokauka ndipo akili ilipomrudia. Alizunguka mji akiulizia mninga mkavu, akapata mbichi, na mninga mbichi ukikerezwa hupasuka. Alipaswa kwenda kwa dada yake siku ileile. Alifika mpaka barazani kwake, akamkuta anashona foronya za kitanda kile, akaulizia chumvi, akapewa, akaondoka. Tangu hapo aibu ilikaa naye mezani na kulala naye. Alilifunika kabati shuka na kumwambia kila mtu asiingie kibandani, eti anataka kitanda kiwe ajabu siku ya kuchukuliwa.

Siku hiyo ikafika. Alikuja Bi Mwanamvua, somo wa Saumu, yaani mwalimu wake wa mambo ya unyumba, ambaye kwa desturi ndiye anayekwenda kukitandika kitanda, akiwa na Mwajabu na wanawake wa mtaa, kanga mpya, matari mkononi. Kibandani wakaona kitu kirefu chini ya shuka. Vigelegele vikapaa. Hatibu alikuwa na nafasi ya kusema kabla shuka halijavutwa, lakini alirudi nyuma kumpisha dada yake. Mwajabu akalivuta.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, maana waliokuwa nyuma hawakuwa wameona.

“Hiki ni nini, Hatibu?” aliuliza Bi Mwanamvua.

“Ni kabati, bibi. La patasi.”

“Na kitanda?”

Hatibu aliangalia miguu yake. Mwajabu alikuwa amesogea, ameweka kiganja juu ya mlango wa kabati. Mninga ule aliufagilia vumbi darini mwaka baada ya mwaka.

“Kaka,” alisema polepole, “huu si wa Shekue?”

“Nilichukua kidogo, dada.”

“Kimebaki kiasi gani?”

Mwajabu akafungua milango. Patasi zote zilikuwa ndani, zimenolewa, zinang'aa, hakuna hata moja iliyokaa upande. Chini ya kerezo sakafu ilikuwa safi, haina unyoya wa maranda. Mwajabu hakupiga kelele, na laiti angepiga, Hatibu angepata pa kujifichia. Alikaa juu ya gogo, akafunika uso kwa kanga.

Bi Mwanamvua akairudisha ile milango taratibu mpaka ikafungana.

“Kabati zuri, mwanangu,” alisema. “Lakini kabati halikerezi.”

Wanawake walitoka kwa njia ya nyuma, matari wameyakumbatia kifuani, ili majirani wasione kwamba wanarudi mikono mitupu. Kitanda cha chuma kikaazimwa nyumba ya tatu. Saumu aliolewa juu ya kitanda cha watu, na mjomba wake aliketi mbele ya sahani ya pilau bila kumeza tonge.

Fungate lilipokwisha, Saumu alikuja kumwamkia. Hatibu alijiandaa kwa matusi. Angeyapokea yote.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Saumu, mimi…”

“Sikuja kwa hayo. Nimekuja kuushika ule mninga. Baba aliukata kwa ajili yangu, na sijawahi kuushika.”

Akaingia kibandani, akapitisha viganja juu ya milango yote miwili, polepole, kutoka juu hadi chini. Hatibu alisimama nje. Alilia, mtu mzima yule, akiwa ameegemea ukuta wa kibanda chake mwenyewe. Kisha akamwambia alichukue kabati, ni lake.

“Nitatia nini, mjomba? Mimi sina patasi.”

Alipoondoka, Hatibu akachukua gogo la mwarobaini lililokuwa la kuni, akalifunga kwenye kerezo, akatoa patasi. Mkono ulikuwa mzito na gogo likaharibika. Akafunga jingine, nalo likaharibika. Aliendelea hivyo msimu baada ya msimu, maranda yakimfika kwenye vifundo vya miguu, na matendegu manne ya mwarobaini yalipomfikia Saumu, alikuwa anabembeleza mtoto wa pili. Aliyapokea, akashukuru. Ya mninga hayakutajwa tena na mtu yeyote.

Kabati lilibaki pale kibandani, na uzuri wake haukupungua. Wateja wapya walioingia waliliona kabla ya kitu kingine chochote. Walikuwa wakilizunguka, wakiigusa milango na kusema fundi mwenye kabati kama hili hapana shaka ni fundi kweli. Hatibu hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Aliwajibu wote jibu moja:

“Kabati halikerezi.”